Behewa la milimita 66

Kuna watu wazima na akili zao timamu, wengine walimu, wengine mainjinia, wengine wastaafu wenye wajukuu, ambao wamebishana kwa zaidi ya nusu karne juu ya milimita mbili na kidogo. Si utani. Wamegawanyika makundi, wameunda vyama, wamechapisha majarida, kila kundi na vipimo vyake. Wanachobishania ni reli. Si reli ya kupanda na kwenda Kigoma, bali reli ya kuweka juu ya meza, yenye treni unayoweza kuibeba kiganjani.

Najua unachofikiri, ndugu msomaji. Unafikiri wazungu wameshiba, sasa wanatafuta la kufanya. Subiri kwanza. Mimi nadhani hawa jamaa wanafanya kazi ya historia, tena wanaifanya kwa nidhamu ambayo sisi tuliokaa madarasani miaka mitatu tukisomea mambo haya tunaweza kuionea wivu. Na nadhani kuna jambo ndani yake linalotuhusu sisi wa Dar, wa Tabora, wa Nairobi na wa Kisumu. Nitafika huko. Twende polepole.

Nilikutana nao kwenye majarida chakavu ya Kiingereza, yale yanayouzwa kwa kupangwa chini pembeni ya barabara ya Samora. Ndani ya toleo moja kulikuwa na kurasa nne nzima juu ya behewa moja la makaa ya mawe. Behewa moja! Mimi ni ripota. Mhariri akinipa maneno 400 kwa mkutano wa siku nzima namshukuru. Huyu mwandishi amepewa kurasa nne kueleza kwa nini wenzo wa breki wa behewa lake umekaa upande huu na si upande ule. Nikainunua ile takataka, nikaenda kuisoma kwenye daladala mpaka nikapitiliza kituo.

Haya, tuanze mwanzo.

Treni za mfano zilianza kama midoli ya watoto wa matajiri. Mwaka 1891 kampuni ya Kijerumani ya Märklin ilipeleka kwenye maonesho ya biashara ya Leipzig seti ya treni yenye reli za kuunganisha, na ikaanza kuuza kwa vipimo vya upana vinavyojulikana. Maana yake ni kwamba mtoto akinunuliwa treni mwaka huu na behewa mwakani, vyote vitapita kwenye reli ileile. Uingereza, W. J. Bassett-Lowke wa Northampton akawa anauza treni zilizofanana zaidi na zile za kweli, nyingi akizitengenezesha Ujerumani. Mwaka 1920 Frank Hornby wa Liverpool, yuleyule wa Meccano, akaingia sokoni na treni za bati zinazotembea kwa kufunguliwa ufunguo kama saa ya mezani. Mwaka 1938 kampuni yake ikatoa treni ndogo zaidi, Hornby Dublo. Hapo ndipo lile sikitiko la milimita mbili likaingia majumbani.

Chukua kalamu, hesabu yenyewe ni nyepesi. Reli ya kawaida ya Uingereza ina upana wa milimita 1,435. Watengenezaji wa bara la Ulaya walikuwa wanapunguza kila kitu mara 87, na reli yao ikatoka na milimita 16.5. Sawasawa kabisa. Lakini treni za Uingereza ni nyembamba na fupi kuliko za bara, kwa sababu madaraja na mahandaki yao ya mwanzo yalijengwa kwa kubana. Ukizipunguza mara 87, mota za miaka ile haziingii ndani. Waingereza wakafanya nini? Wakakuza kichwa cha treni na mabehewa yake mpaka kipimo cha milimita 4 kwa kila futi moja, yaani mara 76 hivi, lakini reli wakaiacha palepale kwenye 16.5. Kwa kipimo hicho reli ilipaswa kuwa 18.83. Kwa hiyo treni ya Kiingereza ya mezani ikawa kama mtu mwenye mabega ya bondia na miguu ya kitoto. Ukiirudisha kwenye ukubwa halisi, reli inakuwa nyembamba kwa karibu sentimita 18.

Wengi hawakujali na mpaka leo hawajali. Hicho ndicho kipimo kinachouzwa madukani kule. Lakini wachache roho ziliwauma. Kundi moja likasogeza magurudumu mpaka milimita 18, baadaye 18.2. Miaka ya 1960 likatokea kundi jingine lililosema hakuna kukaribia, ni 18.83 au basi, na magurudumu yawe membamba kama ya kweli yalivyopunguzwa. Ukiamua hivyo huwezi kununua reli dukani. Unakaa mwenyewe na kubandika chuma juu ya mataruma, kipande kwa kipande, usiku baada ya usiku.

Hebu sasa tuache reli, turudi kwenye behewa, maana kichwa cha treni kila mtu anakipenda. Behewa la mizigo ndilo linalopima imani ya mtu.

Uingereza ya mwanzo wa karne ya 20 ilitembea kwa makaa ya mawe. Viwanda, meli, majiko ya nyumbani, treni zenyewe. Na mabehewa mengi yaliyobeba makaa hayo hayakuwa ya kampuni za reli. Yalikuwa ya wenye migodi, ya wafanyabiashara wa makaa, ya viwanda vya gesi. Mwenye behewa aliandika jina lake ubavuni kwa herufi kubwa zenye rangi za kuvutia, kwa sababu behewa lilikuwa pia bango la tangazo linalopita mji hadi mji. Mara nyingi lilikuwa pia ghala. Mfanyabiashara mdogo aliliacha kwenye kituo na kuuza makaa humohumo kwa mizani mpaka yaishe.

Mabehewa ya wamiliki mbalimbali yakipita kwenye reli za kampuni mbalimbali ni lazima kuwe na kanuni. Kanuni zilitolewa na Railway Clearing House, taasisi ya London iliyoanzishwa mwaka 1842 kugawana mapato ya kampuni za reli. Kulikuwa na viwango vya 1887, vya 1907 na vya 1923. Behewa la makaa la kiwango cha 1923 lilikuwa la mbao, la kubeba tani 12, urefu wa fremu futi 16 na inchi 6, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma futi 9. Ukilileta mezani kwa kipimo cha milimita 4 kwa futi, unapata milimita 66 kwa urefu na milimita 36 kati ya ekseli. Dogo kuliko kiberiti viwili vilivyounganishwa.

Vita ya Pili ilipoanza mwaka 1939, serikali iliyachukua mabehewa yote hayo binafsi, zaidi ya nusu milioni, yakawa yanatumwa popote panapohitajika. Hakuna aliyepoteza muda kuyapaka rangi. Ubao ukivunjika unawekwa mpya mtupu, bila rangi, katikati ya jina la mtu. Tarehe 1 Januari 1948 reli zikataifishwa, mabehewa nayo. Yakapigwa herufi P na namba mpya. Kisha yakaja mabehewa ya chuma ya tani 16, na yale ya mbao yakachomwa na kukatwakatwa kwa malaki. Yamebaki ya kuhesabika, kwenye makumbusho.

Hapo ndipo mwundaji anapoingia. Hebu mfuate hatua kwa hatua.

Ananunua dukani behewa tayari, au boksi la vipande vya plastiki vya kuunganisha. Jambo la kwanza halitazami jina lililoandikwa ubavuni. Anachukua rula anapima ekseli. Mara nyingi kiwanda, ili kupunguza gharama, kimetumia fremu moja chini ya mabehewa ya aina kumi, na fremu hiyo ina milimita 40 badala ya 36. Futi 10 badala ya 9. Kwa mtoto si kitu. Kwa yeye ni kama kumwona marehemu babu yako kwenye picha amevalishwa miguu ya mtu mwingine. Anakata fremu na kuitupa, anajenga nyingine.

Kisha magurudumu. Behewa la zamani lilikuwa na magurudumu yenye spoku, ya baadaye yakawa mazima yenye matundu matatu. Kisha breki. Zamani wenzo wa breki ya mkono ulikuwa upande mmoja tu, na mfanyakazi aliyetaka kufunga breki akiwa upande wa pili alilazimika kuvuka katikati ya mabehewa. Wengi walisagwa hapo. Ndiyo maana mwaka 1911 sheria ikataka mabehewa mapya yawe na breki inayofungwa kutoka pande zote mbili. Kwa hiyo ule wenzo ulionishangaza jaridani, urefu wake kama punje mbili za mchele, ni kumbukumbu ya watu waliokufa. Ukiuweka upande usio wake umefuta sheria, na umefuta sababu ya sheria.

Anaendelea. Ndani ya behewa hapaki rangi ya nje, kwa sababu mbao za ndani hazikupakwa rangi. Anazichora zionekane kijivu zilizokwanguliwa na makoleo. Kile kiunganishi kikubwa cha plastiki cha dukani anakiondoa, anaweka mnyororo wa pete tatu anaounganisha kwa kindoana huku ameshika pumzi. Ubavuni, ule mstari mweupe wa mshazari si pambo. Unapanda kuelekea upande wenye mlango wa mwisho, ili mtu wa bandarini ajue behewa likiinuliwa makaa yatamwagikia wapi. Ukiuchora kinyume, kwa hesabu ya kweli umemwaga tani 12 za makaa mahali pasipo na meli.

Chini anaficha vipande vya risasi mpaka behewa lifike kama gramu 25 kwa kila ekseli, lisiruke njia. Mwisho uchafu. Na uchafu nao una tarehe. Behewa la 1930 lina jina linalosomeka na vumbi jeusi. Behewa hilohilo mwaka 1948 limechakaa, jina limefifia, mbao tatu mpya hazina rangi, na pembeni kuna P na namba. Huwezi kuwa na yote mawili mezani siku moja. Ni lazima uchague mwaka.

Hii ndiyo iliyonishika, nakuambia kweli. Kila anayeingia kwa dhati kwenye kazi hii analazimika kujibu swali moja kabla ya kushika gundi: ni lini? Si "zamani". Si "enzi za mkoloni". Ni mwaka gani, na wengine wanataka mwezi. Chukua kampuni ya Great Western. Kuanzia 1904 iliandika herufi G na W kwenye mabehewa yake kwa urefu wa inchi 25, kubwa mno. Baadaye zikapunguzwa hadi inchi 16, na kuanzia 1936 zikawa za inchi 5 tu, kwenye kona. Mtu anayejua hayo akitazama picha ya kituo, kabla hujamwambia chochote anakwambia haiwezi kuwa kabla ya mwaka fulani. Anasoma behewa kama sisi tunavyosoma tarehe juu ya gazeti.

Na ushahidi anaupima. Picha za zamani nyingi zilipigwa kwa filamu zisizoona rangi nyekundu. Nyekundu inatoka nyeusi, na bluu inatoka nyeupenyeupe. Ukitazama picha ya 1900 ukasema behewa lilikuwa jeusi, huenda lilikuwa jekundu kama nyanya. Halafu viwanda vilikuwa na tabia ya kupaka kichwa cha treni kipya rangi ya kijivu maalumu kwa ajili ya picha rasmi, ili kila kitu kionekane vizuri, kisha kinapakwa rangi yake ya kazi. Kwa hiyo picha nzuri kuliko zote, yenye muhuri wa kiwanda, ndiyo inayodanganya. Ripota yeyote aliyewahi kupewa taarifa kwa vyombo vya habari pamoja na picha yake anaelewa nazungumzia nini.

Kwa sababu hiyo walijipanga. Mwaka 1950 ilianzishwa Historical Model Railway Society, chama cha kukusanya michoro, picha na kumbukumbu za reli. Fikiria, watu wa midoli ndio waliokimbilia michoro kabla haijachomwa. Maprofesa wakati ule walikuwa wanaandika juu ya mawaziri na wenye kampuni. Behewa la makaa halikuwa na mtu.

Yupo mmoja nisiyeweza kumwacha, Roye England. Huyu alikuwa Mwaustralia aliyefika Uingereza mwaka 1925 na kuishi kwenye bonde linaloitwa Vale of White Horse. Akaona nyumba za nyasi za wanakijiji zinabomolewa na kubadilishwa moja baada ya nyingine, na hakuna anayejali. Akaanza kuzipima. Kisha akazijenga upya kwa kadibodi na rangi za maji, kwa kipimo kilekile cha mara 76, na reli ikipita katikati yake. Mwaka 1954 kazi hiyo ikawa makumbusho, Pendon, katika kijiji cha Long Wittenham, na bonde lile la miaka ya 1920 na 1930 limeendelea kujengwa na wafanyakazi wa kujitolea hata baada yake. Serikali haikumtuma. Hakuwa na shahada ya historia. Alikuwa na rula.

Sasa tuseme na upande wa pili, maana sitaki ufikiri nimelewa gundi.

Kule kwao wenyewe kuna msemo wa kejeli kwa watu hawa: wahesabu ribiti. Mtu anayekuja kwenye maonesho, anainamia kazi yako ya miaka mitatu, anahesabu vichwa vya misumari kwenye ubavu wa behewa na kukwambia umepungukiwa wawili. Anakera, na ninamfahamu ndugu yake kwenye kila chumba cha habari. Lakini hilo si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni kwamba behewa linaweza kuwa sahihi kwa kila milimita na bado likasema uongo.

Tarehe 14 Oktoba 1913 mgodi wa makaa wa Senghenydd, kusini mwa Wales, ulilipuka. Wachimbaji 439 walikufa, na mwokoaji mmoja. Ni maafa makubwa kuliko yote katika migodi ya Uingereza. Makaa ya mabonde yale yalisafiri kwa mabehewa ya namna hii hii tunayoyazungumzia, yenye majina makubwa ya wenye migodi ubavuni. Majina ya wenye mali yameandikwa kwa rangi nzuri na yamehifadhiwa mpaka kivuli cha herufi. Majina ya wale 439 hayakuandikwa kwenye behewa lolote. Kwenye meza nyingi za reli za mfano ni kiangazi siku zote, watu wamesimama kituoni na kofia zao, hakuna anayekohoa vumbi.

Kwa hiyo usahihi wa vipimo hautoshi. Hilo nalikubali kabisa. Lakini angalia kitu kimoja: ni yule wenzo mdogo wa breki ulionifikisha kwa watu waliosagwa kati ya mabehewa. Hotuba kuhusu ukatili wa ubepari isingenifikisha hapo, tumezisikia nyingi. Kitu kidogo kilichowekwa mahali pake sahihi kinakulazimisha kuuliza kwa nini kiko pale, na jibu karibu kila mara ni mtu.

Nikasema nitafika kwetu. Tumefika.

Reli yetu ya zamani ni ya upana wa mita moja. Ile ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896 na kufika ziwani, panapoitwa leo Kisumu, mwaka 1901. Wajerumani nao walijenga kwa mita moja kutoka Tanga na baadaye kutoka Dar es Salaam. Ukipunguza mita moja mara 87 unapata milimita 11.5. Reli ya mezani ya milimita 12 ipo madukani Ulaya tangu zamani. Maana yake, kijana wa Afrika Mashariki akitaka kuunda treni ya kwao anaanza na kosa la nusu milimita tu, wakati Mwingereza anaanza na kosa la zaidi ya mbili. Kwa hesabu, tumewazidi kabla hatujaanza!

Na vitu vya kuunda tunavyo. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa shirika moja, na shirika hilo lilidumu kwa majina tofauti mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Mwaka 1955 na 1956 lilipokea kutoka kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester vichwa 34 vya mvuke vya daraja la 59, vikubwa kuliko vyote vilivyowahi kutembea kwenye reli ya mita moja, kila kimoja kikiwa na jina la mlima wa Afrika Mashariki. Viwili vimesimama mpaka leo kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Kimoja kinaitwa Mount Gelai, kingine Mount Shengena. Mpare aliyefika pale akasoma jina la mlima wa kwao kwenye ubavu wa dude lile anajua nasema nini.

Kwenye makumbusho hayohayo liko behewa namba 12. Ndilo ambalo afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alilala ndani yake pale Kima mwezi Juni 1900 akimvizia simba, na simba akaingia akamchukua yeye. Kila mgeni anaoneshwa behewa hilo. Sasa linganisha. Kujenga reli ileile waliletwa kutoka India wafanyakazi zaidi ya 30,000, na karibu 2,500 walikufa kwa maradhi, ajali na mengine. Behewa la afisa mmoja limehifadhiwa, dirisha kwa dirisha. Behewa la wazi lililobeba vibarua wale na mataruma yao kwenda mwisho wa njia liko wapi? Lilikuwa na urefu gani? Breki yake ilikuwa upande gani?

Sisemi Ryall asikumbukwe. Nasema kinachohifadhiwa si bahati. Mtu fulani aliamua, na wengine wakaachwa wakatwe.

Nilijaribu mwenyewe jambo dogo. Nilitaka kujua behewa la daraja la tatu la miaka ya 1960 lilivyokuwa ndani. Nilikwenda ofisi moja, sitaitaja, nikaomba kuona michoro. Nikaambiwa nirudi Jumatatu. Jumatatu nikaambiwa faili zilihamishwa. Zilihamishiwa wapi? Anayejua amestaafu. Basi nikamtafuta mstaafu, si yule, mwingine, mzee aliyefanya kazi karakana miaka mingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umesema unatafuta nini? Behewa?"

"Ndiyo, mzee. Nataka kujua viti vilivyokuwa vimepangwa."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa juu ya mke wa ujana wake. Akaomba karatasi. Nikampa bahasha, akaigeuza, akachora. Hakuuliza rula. Mabenchi ya mbao hapa, mlango hapa, choo kule, hapa ndipo kina mama walipenda kukaa kwa sababu ya upepo. Hapa palikuwa na komeo lililokuwa likikata watu vidole mpaka yeye na wenzake wakalibadilisha, bila kumwandikia mtu barua. Akaniambia, "Hilo komeo huwezi kulikuta kwenye mchoro wowote. Tulilifanya wenyewe."

Umeona? Hata lile faili la ofisini likipatikana, komeo halimo. Liko kwenye kichwa cha mzee mmoja na, sasa, nyuma ya bahasha moja niliyoiweka ndani ya mfuko wa plastiki. Behewa sahihi la Kitanzania la miaka ile haliwezi kujengwa kwa mchoro wa kiwanda cha Uingereza peke yake. Linahitaji mikono iliyolitengeneza kila lilipoharibika.

Na muda unakimbia. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017. Huku kwetu treni za umeme zilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024. Mimi nimezipanda, na nazipenda. Sina machozi kwa safari ya siku mbili yenye vumbi. Lakini kila kipya kinapoingia, cha zamani kinapelekwa pembeni, na pembeni kuna mtu wa skrepa mwenye mizani. Chuma kinauzwa kwa kilo. Kumbukumbu haina bei, kwa hiyo inaondoka bure.

Sikuambii ukanunue treni ya mezani. Mshahara wenyewe tunaujua. Ingawa kwa hizi printa za 3D zinazoanza kuonekana mjini, kijana mwenye kompyuta na vipimo sahihi anaweza kutoa behewa la sentimita chache. Mashine si tatizo tena, vipimo ndivyo tatizo. Nani anavyo?

Ninachokuambia ni chepesi. Kwenye albamu ya nyumbani kwenu huenda kuna picha ya shangazi au babu mdogo kasimama stesheni, suti mpya, mkono kiunoni. Kila mtu humtazama yeye. Mtazame, kisha tazama nyuma yake. Kama kuna behewa, soma namba. Soma herufi. Andika nyuma ya picha ni mwaka gani, na kama hujui, muulize anayejua akiwa bado anakumbuka.

Na kama una mzee aliyefanya kazi reli, iwe fundi, dereva wa treni, mpiga rangi, mfagiaji wa mabehewa, usimuulize kuhusu "historia ya reli". Atakujibu kama kitabu cha darasa la sita. Muulize breki ilikuwa upande gani. Muulize rangi ya ndani. Muulize komeo. Mpelekee bahasha tupu na kalamu, kisha nyamaza umsikilize.